Makufuli Matatu ya Lubarika

Kutoka Kigoma kwenda Uvira kuna njia mbili. Moja ni ya ziwani, kwa boti za mizigo ambazo huondoka shehena ikitimia, si saa ikifika. Nyingine ni ya nchi kavu: Manyovu, mpaka wa Mugina, Nyanza-Lac, Rumonge, Bujumbura, Gatumba, halafu Kavimvira ambako Kongo inaanzia. Juni 2024 nilishika njia ya nchi kavu. Mwenyeji wangu alikuwa ameniambia kwa simu kwamba Ziwa Tanganyika limepanda, bandari ya Kalundu imeingiliwa na maji, na mtu anayetaka kufika na nguo kavu heri apite Bujumbura.

Burundi ilikuwa katika uhaba mkubwa wa mafuta, na basi letu lilisimama Rumonge hadi kondakta alipotokea na madumu mawili aliyoyapata kwa kujuana. Bujumbura tulilala, kesho yake tukashika barabara ya Gatumba. Hapo maji ya ziwa na ya mto Ruzizi yalikuwa yamemeza mitaa mizima, nyumba nyingine zimebaki mabati tu. Gatumba nilipajua kwa jina kabla ya kupaona. Usiku wa 13 Agosti 2004, kambi ya wakimbizi iliyokuwapo hapo ilivamiwa, na zaidi ya watu 150 wakauawa, wengi wao Wanyamulenge, yaani Watutsi wa Kongo, waliokuwa wamekimbia kutoka Uvira. Abiria wenzangu walipita wakizungumza bei ya mchele. Ukiishi kwenye barabara hii huwezi kunyamaza kwa kila marehemu, maana hutasema tena.

Aliyenialika ni mama wa Uvira niliyemjua akiwa mkimbizi Nyarugusu, kambi ya Kasulu iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, nilipokuwa nafundisha huko. Aliporudi kwao alianza kazi ya kuzungukia vijiji vya Bonde la Ruzizi akisaidia vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa, vile ambavyo kule wanaviita AVEC. Mimi nilikuwa nimechoshwa na semina. Kwenye kumbi za Dar es Salaam na Nairobi niliwahi kusikia haki za wanawake, za makabila yanayobaguliwa na za watu wanaopenda jinsia yao zikitajwa kwa pumzi moja, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Nilitaka kujua pumzi hiyo inafika wapi mahali ambapo jirani amemzika jirani. Nilipomwambia hivyo, alinijibu: “Basi kuja Lubarika. Usituandike kwa kusikia.”

Uvira ni mji mrefu, mwembamba, uliobanwa kati ya milima ya Mitumba na ziwa. Mito inashuka kutoka mlimani moja kwa moja hadi katikati ya nyumba za watu. Usiku wa kuamkia 17 Aprili 2020 Mulongwe ulifurika na kuua makumi ya watu. Tulilala kwa mwenyeji wangu, tukala bugali wa muhogo na sombe, yaani kisamvu, na ndagala, yaani dagaa, na alfajiri tukaenda kutafuta gari la Luvungi.

Barabara Na. 5 inaelekea kaskazini, milima kushoto, Ruzizi kulia, na ng'ambo ya mto ni Burundi. Unapita njia panda ya Kiliba, ambako kiwanda cha sukari kilisimama wakati wa vita ya 1996, halafu Runingu, Sange, Luberizi, Bwegera. Katikati ya safari tulikutana na kizuizi: kamba imefungwa kati ya miti miwili, na vijana wenye bunduki, huyu ana suruali ya jeshi, yule hana. Mmoja aliinama dirishani, akapitisha macho juu ya abiria, yakasimama kwangu.

“Wewe mama, uko mutu ya wapi?”

Nikamwambia Kigoma, Tanzania.

“Kigoma gani? Sema kweli.”

Mimi ni Muha. Waha na Warundi wanafanana sura, na Kiha na Kirundi zinasikilizana. Nazo hazipishani sana na lugha ya Wanyamulenge. Kwa kijana yule uso wangu ulikuwa umeshatoa jibu, na mimi nilikuwa nalificha tu. Kabla sijafungua mkoba, mama mmoja aliyekuwa amepakata kapu la ndagala alinitangulia: “Mwache huyu. Sikia Kiswahili yake, ni ya Tanzania kabisa.” Akaniambia niseme kitu. Nikasema kwamba paspoti yangu imo mkobani na naweza kuitoa endapo ataihitaji. Gari zima likacheka kwa lile neno “endapo”, kijana naye akacheka, na kwangu ikaishia hapo.

Nyuma yangu alikaa msichana ambaye hakuwa na Kiswahili cha Kigoma wala paspoti. Yeye alishushwa. Akaulizwa kwao, akaulizwa baba wa baba yake alizikwa wapi, akafungua fundo la kitambaa na kutoa noti, ndipo akarudi kukaa. Hakuna aliyemsemea, hata mama wa ndagala, na mimi pia sikuwa na sauti ya kuazimisha. Sheria ya uraia ya Kongo ya 12 Novemba 2004 inasema kwamba mtu wa kabila lolote ambalo watu wake na ardhi yake vilikuwa sehemu ya nchi iliyopata uhuru ni Mkongo tangu kuzaliwa. Ni sheria nzuri. Lakini kizuizini kinachosomwa ni pua na urefu wa vidole.

Sange tulipita bila kusimama. Ndipo lilipopindukia lori la mafuta tarehe 2 Julai 2010 na kulipuka. Walikufa zaidi ya watu 230, wengi wakiwa kwenye vibanda wakitazama mechi ya Kombe la Dunia. Mbele kidogo ni Mutarule. Usiku wa 6 Juni 2014 watu walivamiwa hapo wakiwa kwenye ibada, wakauawa zaidi ya 30, wengi wao wa kabila la Wafuliiru. Miaka kumi ilikuwa imetimia siku chache tu kabla ya sisi kupita. Miaka miwili kabla ya Mutarule, Aprili 2012, huko Luberizi aliuawa Mwami Ndabagoye, chifu wa Warundi wa bonde hili. Warundi hao ni Wakongo, ila jina lao linawafanya kila wakati waambiwe warudi Burundi. Wafuliiru wanasema uchifu wa bonde ulichongwa na Mbelgiji juu ya ardhi yao. Warundi wanasema wamekuwa na wami wao hapa tangu zamani. Ugomvi wa kiti umeingia mashambani, na wanasiasa wanaupalilia kila uchaguzi.

Luvungi tulishuka, tukapanda pikipiki. Lubarika iko upande wa milima, jirani na barabara zinazopanda kwenda Lemera. Ni kijiji cha miembe, nyumba za matofali ya udongo, mashamba ya muhogo na mahindi, na mpunga penye mifereji. Mwaka 1996 palikuwa na kambi ya wakimbizi kutoka Rwanda na Burundi. Vita ilipoingia Oktoba mwaka huo, wakimbizi na wanakijiji waliokuwa wanakimbia waliuawa pamoja, na waliobaki hai wakalazimishwa kuwafukia. Tukio hilo limeandikwa katika ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa 1 Oktoba 2010, ile inayojulikana kama Ripoti ya Mapping. Juu mlimani, tarehe 6 Oktoba 1996, hospitali ya Lemera ilivamiwa na wagonjwa wakauawa vitandani. Daktari mkuu wake wakati huo alikuwa Denis Mukwege, ambaye baadaye alianzisha Hospitali ya Panzi mjini Bukavu na mwaka 2018 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Mzee aliyetuonyesha njia hakutaja hata moja ya haya. Alituonyesha mfereji na kusema maji ya mwaka huu yamechelewa.

Kikundi kilikutana ndani ya kanisa, kwenye viti vya mbao visivyo na egemeo. Walikuwa akina mama, na wanaume wachache waliokubaliwa. Sanduku lilikuwa la bati, rangi ya buluu imechunika, na usoni lina pete tatu zenye makufuli matatu. Mama mmoja Mufuliiru akasimama na ufunguo wake. Akafuata mama Murundi. Wa tatu, mrefu, kitambaa cheupe kichwani, alikuwa Munyamulenge kutoka upande wa Bwegera. Alikuwa amefika kwa pikipiki na mtoto mgongoni. Makufuli yakafunguliwa moja baada ya jingine, kifuniko kikainuliwa. Ndani mlikuwa na vitabu vidogo vya wanachama, muhuri na kidau cha wino, mifuko miwili ya kitambaa iliyofungwa kwa kamba, na bakuli la plastiki la kupokelea faini.

Mwenyekiti aliita namba, hakuita majina. Aliyeitwa alikwenda mbele na kununua hisa: moja hadi tano, hisa moja faranga 1,000 za Kongo. Mwezi ule dola moja ilibadilishwa kwa karibu faranga 2,800. Wahesabuji wawili walihesabu kwa sauti, karani akagonga muhuri mara moja kwa kila hisa, na kitabu kikarudi sandukuni. Hakuna anayekwenda nacho nyumbani. Mfuko wa pili ni wa matatizo: mgonjwa, matanga, mtoto aliyefukuzwa shule kwa sababu ya ada. Mikopo ilifuata, na kila mkopo ulijadiliwa mbele ya wote. Mmoja alitaka pesa za mbegu za nyanya, mwingine za kununua ndagala Uvira na kuja kuuza Luvungi. Mwisho wa mwaka sanduku hugawanywa, kila mtu kwa hisa zake na faida yake, kisha wanaanza upya.

Mfumo huu si wa Lubarika peke yake. Uko Afrika nzima, na ulianzia Niger mwaka 1991. Kilichonivutia ni namna walivyogawa funguo. Kanuni ya kawaida inataka tu kwamba wenye funguo wawe watu watatu. Wao waliongeza kwamba wasiwe wa kabila moja. Nikamuuliza mwenyekiti kama hiyo ilikuwa alama ya amani.

“Alama ya nini?” akasema. “Ilikuwa hofu. Kila mutu aliogopa wengine watakula makuta yake.”

Walianza kwa kuogopana, na hofu ile ndiyo iliyowafunga pamoja. Anayeshika ufunguo asipofika, sanduku halifunguki, na aliyetaka kulipa ada ya mtoto anarudi mikono mitupu. Kwa hiyo ilipotokea kwamba mama wa Bwegera amezuiwa barabarani, kwa uso ule ule ulionifanya mimi niulizwe kwetu ni wapi, wenzake hawakufanya mkutano wa kulaani ubaguzi. Wanne walivaa vikwembe vyao, wakapanda pikipiki hadi kwenye kizuizi na kukaa chini mbele ya kamba. Walisema hawaondoki bila mwenzao, kwa sababu makuta ya wote yako chini ya ufunguo wake. Wale vijana wangeweza kubishana na mtu anayetetea Wanyamulenge. Kubishana na shangazi zao wanaodai pesa zao wenyewe hawakuweza.

Nimesoma na kusikia mengi kuhusu mazungumzo ya amani ya bonde hili. Mashirika ya wenyeji kama ADEPAE, RIO na UGEAFI yamefanya kazi ya miaka mingi ya kuwakutanisha Wafuliiru, Warundi, Wanyamulenge, Wabembe, Wavira na Wanyindu. Yamewasaidia wakulima na wafugaji kuandikiana makubaliano ya njia za ng'ombe, kwa maana kila kiangazi mifugo hushuka kutoka milimani kutafuta majani, na ng'ombe akiingia shambani bunduki haziko mbali. Kazi hiyo ni ya maana sana. Lakini makubaliano huandikwa na machifu, wachungaji na viongozi wa vyama, karibu wote wanaume, na hukaa ndani ya faili. Kinachotokea ng'ombe anapokula mpunga saa kumi na moja alfajiri, faili halikijui.

Siku ile ile kulikuwa na kesi ya namna hiyo. Ng'ombe walikuwa wameingia katika muhogo wa mwanachama mmoja, na wenye ng'ombe walikuwa ndugu wa mume wa mwanachama mwingine. Wote wawili walikuwa pale, wamekaa viti viwili tofauti. Aliyeharibiwa alisema kwanza, akakaa. Wa pili hakuitetea familia yake. Alisema ameleta habari kwamba shemeji yake atalipa, ila hakubali hesabu iliyotajwa na vijana wa kijiji. Mwenyekiti aliwachagua watu watatu waende shambani wakahesabu mashina yaliyoliwa kabla wanaume hawajaenda kuhesabu yao. “Wanaume wakihesabu,” mwenyeji wangu alininong'oneza, “shina moja linakuwa eka.” Jioni hesabu ilirudi. Ilikuwa ndogo kuliko ya vijana na kubwa kuliko ya mwenye ng'ombe, na ikalipwa.

Tulipokuwa tunakula, mazungumzo yalihamia kwenye mashamba yenyewe. Karibu kila mama pale analima, lakini wachache sana wana shamba kwa jina lao. Mume akifa, shemeji huja kabla ya matanga kuisha. Sheria ya Kongo haiko upande wa shemeji. Katiba ya 2006, kifungu cha 14, inaitaka serikali iondoe kila aina ya ubaguzi dhidi ya wanawake na kuhakikisha usawa wa uwakilishi. Sheria ya usawa ilifuata 1 Agosti 2015. Julai 2016 sheria ya familia ya 1987 ikarekebishwa, na ile kanuni iliyomtaka mke apate ruhusa ya mume kabla ya kufanya tendo la kisheria ikaondolewa. Mama mmoja alikumbuka kutia sahihi yake kwenye ombi la Rien Sans les Femmes, vuguvugu la vyama vya wanawake ambalo mwaka 2015 lilikusanya sahihi zaidi ya 200,000 kudai usawa katika uongozi. “Tulitia sahihi,” alisema, “halafu uchaguzi ukaja, orodha zikajaa wanaume, na hakuna orodha iliyokataliwa.” Wakati huo kikundi chao kilikuwa na mkopo mmoja wenye masharti laini kuliko yote: ule wa mjane anayelipia hati ya shamba. Wakili yuko mbali, na hati inataka pesa kabla ya haki.

Usiku, kwenye nyumba tuliyopangiwa, taa ya sola imewekwa juu ya mtungi, nilimuuliza mwenyeji wangu kile ambacho sikuweza kukiuliza kanisani. Kwenye kikundi kuna watu wa makabila yote, wajane, wasichana waliobakwa wakati wa vita na ambao kwao waliwakataa. Je, watu wanaopenda jinsia yao wako wapi?

Alinyamaza. Kisha akanieleza habari za kijana mmoja, ambaye sitasema kazi yake wala kwao. Alikuwa mwanachama, mlipaji mzuri wa mikopo. Maneno yakaanza kusemwa juu yake, mchungaji akayarudia kwa mafumbo madhabahuni, na wanachama kadhaa wakadai arudishiwe hisa zake aende. Mkutano uliwaka moto. Mama wa Bwegera, yule wa ufunguo, alisimama na kuuliza kanuni gani ameivunja: amechelewesha mkopo, ameiba, amepigana? Hakuna aliyejibu. Mwingine akasema Mungu atawaadhibu wote. Mwisho wakafika kwenye suluhu ya namna yake. Kijana hakufukuzwa, lakini jina lake liliondolewa kwenye orodha. Tangu hapo hisa zake ziligongwa muhuri kwenye kitabu cha shangazi yake, na mkutanoni hakuja tena.

“Mnaona ni haki?” nikauliza.

“Mwalimu,” akasema, “wangeweza kumfukuza. Wangeweza kumpiga. Walimficha. Kwa hapa, ni kitu.”

Nilikaa macho kwa muda mrefu. Katika safari hii nilikuwa nimetoka nchi ambayo sheria yake ya adhabu, kifungu cha 154, inaweza kumfunga mtu kama yule kijana maisha. Nilipita Burundi, iliyoharamisha mapenzi ya jinsia moja mwaka 2009 na ambayo rais wake, Évariste Ndayishimiye, Desemba 2023 alisema hadharani kwamba watu hao wakusanywe uwanjani wapigwe mawe. Nikaingia Kongo, ambako hakuna sheria inayowataja kwa jina, ingawa kifungu cha 176 cha sheria ya adhabu, kile cha maadili ya umma, huweza kutumiwa dhidi yao, na Katiba, kifungu cha 40, inaijua ndoa ya mwanamume na mwanamke peke yake. Kifungu cha 13 cha Katiba hiyo kinakataza mtu kubaguliwa kwa rangi, kabila au asili yake. Cha 14 ni cha wanawake. Kwa yule kijana hakuna kifungu. Kikundi cha Lubarika kilikuwa kimeinakili Katiba ya nchi bila kuisoma: kabila limeandikwa, mwanamke ameandikwa, na wa tatu yumo ndani ya kitabu cha mtu mwingine.

Bukavu, wakati huo, mambo yalikuwa tofauti kidogo. Huko kulikuwa na chama kiitwacho Rainbow Sunrise Mapambazuko, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa kimewatetea watu hao na kuwasaidia wapate matibabu, kwa jina lake chenyewe. Lakini Bukavu ni jiji, na mtu anaweza kuhama mtaa. Bondeni mtu ana shamba, ana makaburi ya wazazi na ana shangazi, na hivyo havihami. Wanaharakati wa mijini wanaoniambia kwamba mapambano yote ni mamoja wana haki ya kusema hivyo. Wanachosahau ni kwamba vijijini umoja huo haushuki kutoka kwenye tamko. Yule mama Munyamulenge hakumtetea kijana kwa sababu ya semina. Alimtetea kwa swali alilowahi kuulizwa yeye mwenyewe kizuizini, na ambalo anajua halina jibu: umefanya kosa gani, zaidi ya kuwa ulivyo?

Tuliondoka Lubarika asubuhi. Mwezi huohuo walinda amani wa Umoja wa Mataifa, MONUSCO, walikuwa wanamaliza shughuli zao Kivu Kusini, baada ya kukabidhi kituo cha Kamanyola tangu Februari, na njiani watu walikuwa wanabishana kama ni afadhali au ni hatari. Februari 2025 Bukavu ikaingia mikononi mwa waasi wa M23. Desemba mwaka huohuo vita ikashuka bondeni, Luvungi, Sange, hadi Uvira yenyewe, na maelfu ya watu wakavuka Ruzizi kwenda Burundi.

Mwenyeji wangu alinipigia simu akiwa ng'ambo. Kikundi hakikungoja mwisho wa mwaka. Habari za vita zilipokaribia, wenye funguo watatu walikutana mchana mmoja, sanduku likafunguliwa na kila mtu akapewa chake, maana pesa zilizokusanywa mahali pamoja wakati wa vita ni za mwenye bunduki. Vitabu walivichoma ili orodha ya majina isiokotwe na mtu wa upande wowote. Nikauliza habari za kijana. Alipewa hisa zake zote, alisema, hadi faranga ya mwisho, kupitia kwa shangazi.

Nimeufikiria sana uaminifu huo. Watu waliomwonea haya mkutanoni hawakumwibia hata senti, siku ambayo wangeweza na hakuna ambaye angejua. Kwa hiyo sitasema kwamba Lubarika hakuna haki; nimeona haki nyembamba zaidi kwenye majengo yenye viyoyozi. Lakini haki ya pesa bila jina ni nusu ya haki, na akina mama wale wanalijua hilo kuliko mimi. Wao wenyewe walilima mashamba miaka na miaka kwa jina la mume, wakala mazao, na bado wakajua kwamba wamedhulumiwa. Vita itapita, na AVEC mpya itafunguliwa kwa sababu ada za shule na mbegu za nyanya hazingoji. Siku hiyo karani ataanza daftari jipya kwenye ukurasa wa kwanza, bila chochote cha kufuta. Ni hapo yule kijana anapaswa kupewa namba yake, na kwenda mbele kununua hisa kwa mkono wake.